Wiki Nzima Angani

Ilongero, Jumapili

Simu ya shemeji ndiyo iliyoniumbua. Laiti angeiacha kwake Mtinko.

Ni mwaka wa tisa tangu kaka Daudi ahamie Toronto. Kila baba alipouliza mbona haji, nilimjibu kwamba safari yenyewe ni wiki nzima angani, na likizo ya hivyo hapewi mtu. Niliona heri mzee alaumu umbali kuliko amlaumu mwanawe. Akaniamini. Akawa anamnenepesha yule ng'ombe dume mwekundu wa kumpokelea Daudi, mashudu ya alizeti kila jioni. Hata kwenye harusi ya mdogo wangu hakuguswa.

Leo baada ya kula baba akasema kwa huruma, "Mtoto wangu kaenda mbali. Wiki nzima angani!"

Shemeji, mume wa huyo mdogo wangu, akacheka na kubofya simu. "Wiki, baba? Dar mpaka Toronto ni kilometa elfu kumi na mbili na kitu. Hata ukibadilisha ndege, saa ishirini hivi umefika."

Nilimkata jicho, lakini wapi.

Baba alihesabu kwa vidole, taratibu. "Basi angeondoka Ijumaa, leo tungekula naye."

Mimi hakunitazama kabisa, na shikamoo ya kesho sijui nitaitoaje. Na wewe Daudi, ungeuona ule uso...

Jioni nilipeleka mashudu zizini. Nikamkuta baba amesimama kando ya dume.

"Hayo rudisha," akasema. "Kesho mchinjieni mkwe wangu. Yeye huja."