Siku Niliyokupeleka kwa Fundi

Mwanangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, wewe na wajukuu wote. Mimi mzima, ila goti la kushoto limejipa ukubwa humu ndani. Haliinuki mpaka libembelezwe. Wewe sijui. Miaka sita hujanijulia hali, nami nikawa natangaza kwamba una kiburi.

Anayeniandikia ni nesi anayekuja kufundisha kwenye shule ninayofagia. Nimemwambia asinipambie maneno, ayaandike yanavyotoka.

Juma lililopita aliwafundisha vijana habari za mwili, kwamba hakuna wa kukugusa usipotaka, awe mjomba, awe mchumba. Mimi niko barazani, nafagia palepale ili nisikie. Mvulana mmoja akauliza kwa kejeli, sasa mtu aombe kama anaomba chumvi? Nesi akamjibu kwamba hata chumvi, huingii jikoni kwa watu ukajichotea. Darasa likaangua kicheko, nami nikacheka na ufagio wangu.

Kisha binti mmoja wa nyuma akauliza, na kama aliyekupeleka kwa huyo anayekugusa ni mama yako mzazi? Hapo hakucheka mtu. Nikaweka ufagio chini, nikaketi kwenye ngazi.

Ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Ulikataa kwenda kwa fundi cherehani kupimwa sare. Ulisema tepu yake inapita pasipopimwa. Nikakuzaba kofi, nikakuita mwongo, nikakukokota mpaka mlangoni kwake. Akavuta pazia. Mimi nikakaa nje kwenye benchi, napiga soga na wateja. Ulipotoka hukunitazama. Nikakuuliza, haya, umekufa? Na fundi alipofariki, nilikwenda kumlilia kwa sauti.

Sasa lile ambalo sijamwambia mtu. Nilijua. Nilijua tangu ulipofungua mdomo, maana hata mimi alinipima. Nikaona kwamba kama nilinyamaza nikaishi, nawe utaishi. Ulisema kweli, mwanangu. Mwongo nilikuwa mimi.

Ukinisamehe, ni hiari yako. Usipojibu, sitakwenda kwa majirani kudai tumepatana. Ukitaka kuja kunitukana, njoo. Nitakuwekea kiti, na sitakukatiza.

Wajukuu wabusu kwa niaba yangu, lakini waulize kwanza.

Ni mimi,
Mama yako