Masharubu ya Wifi

Shoga, nimeumbuka! Yaani nimeumbuka!

Unaijua ile albamu ninayotengeneza kwenye kompyuta. Kila ukurasa una matabaka: picha chini, maua juu yake, maandishi juu kabisa. Basi kompyuta ikajaa pomoni, ikagoma. Nikajifanya fundi, nikaunganisha matabaka ya kila ukurasa yakawa picha moja nyepesi, kisha nikafuta mafaili ya zamani. Nafasi tele!

Kumbe kwenye picha ya wifi nilisahau kuondoa yale masharubu niliyombandika siku ile tulipocheka hadi tukalia. Yameganda. Hayabanduki!

Leo wifi kaja, na huyu mume wangu asiyejua kutulia akamfungulia dada yake albamu. Nikakimbilia jikoni.

Mara nikasikia, "Nani kaniwekea masharubu?"

Masharubu, shoga! Nikatoka kifua mbele. "Mimi, wifi. Nilitaka uone ulivyofanana na marehemu baba yenu."

Akaitazama weee, machozi yakamlenga. "Jamani, baba mtupu!"

Sasa anataka nimchapishie kubwa, aitundike sebuleni.

Ila usije ukaniomba yako. Niliiwekea pembe, nazo zimeshaganda.