Uso wa Mwanahisa

Mangarivotra, Mahajanga
11 Machi 2018

Mjomba wangu Elamine,

Kwezi, Mjomba, au kwa Kiswahili ulichorudi nacho kutoka Mombasa, shikamoo. Natumaini joto la Nosy Be linakuacha ulale. Sisi huku wazima. Mama anaamka alfajiri kuoka mikate ya mchele ya kuuza, nami namsaidia kabla ya shule. Salamu zake siziandiki kwa sababu hajazituma, na uliniambia nisiandike cha kubuni.

Nimeisoma ripoti ya Vizaz yote, hata kurasa za mwisho zenye maandishi madogo. Nakueleza kama kwa mtu asiyejua, ulivyonifundisha. Vizaz ni kampuni ndogo ya Morisi. Inatengeneza programu ya kumtambua mtu kwa uso wake, ili mwizi asifungue akaunti ya benki kwa jina la mwingine. Mwaka huu imepata benki mpya, lakini mteja mmoja tu ndiye anayeleta nusu ya mapato. Hilo linanitia wasiwasi, kwa kuwa akiondoka, hisa zetu zitaporomoka.

Nimesoma pia majadiliano ya wanahisa kwenye mtandao. Yule anayejiita Papa Mweupe anasema uzeni kabla hamjalia. Mama Faida amemjibu kwamba tangu amfahamu, yeye analia kila wiki na hajauza hata moja. Nilicheka peke yangu maktabani mpaka msimamizi akanitazama. Kampuni ni ya kuthibitisha watu, na wanaoijadili wote wamejificha nyuma ya majina ya uongo.

Sina mwingine wa kumwambia mambo haya. Nyumbani tunasema Kikomoro, sokoni Kimalagasi, darasani Kifaransa, ambako wananiita Bibi Kamusi na kuniachia dawati zima. Kiswahili nimekiweka kwa barua zako tu.

Mpwa wako,
Hayrat


Andoany, Nosy Be
2 Aprili 2018

Mpwa wangu Hayrat,

Mbona kwa kwezi yako, na marahaba kwa shikamoo. Mimi mzima, chumba changu juu ya ofisi ya forodha kizima, na feni imepona. Nakuombea afya wewe na mama yako. Salamu zangu mpe ukiona zinapokeleka.

Umeona vizuri. Mteja mmoja kubeba nusu ya mapato ni hatari. Nilimsomea Boinali maneno yako. Boinali ni yule mfamasia mstaafu niliyemshawishi anunue hisa chache, na tangu hapo kila tukitoka kuswali alasiri ananidai maelezo. Akasema, "Huyo mtoto ana akili kuliko wewe. Wewe Elamine umeoa kampuni. Wenzako wakioa wanapata watoto, wewe unapata ripoti." Nikamwambia ripoti haiombi viatu vya sikukuu. Akasema wala haimpelekei mtu uji akiugua.

Tushikilie hisa zetu. Usinifiche lolote utakalosoma. Barua yako nimeisoma jioni mbili mfululizo, ya pili bila haja.

Mjomba wako,
Elamine


Mangarivotra, Mahajanga
21 Oktoba 2018

Mjomba wangu,

Kwezi. U hali gani? Hapa tunamshukuru Mungu, ila mama ana maumivu ya bega na hataki kuonana na daktari.

Bila shaka umesikia. Kampuni kubwa ya Ulaya inataka kuinunua Vizaz yote, na imetoa bei nzuri kuliko ya soko. Wanahisa wadogo kama sisi tunaulizwa kama tunakubali. Papa Mweupe anasema ni wizi. Mama Faida anasema kama ni wizi, basi aibiwe haraka.

Nimefanya ulivyonifundisha, nikaandika sababu za kuuza upande mmoja na za kubaki upande wa pili. Mteja yule mkubwa ametangaza kwamba mkataba wake ukiisha hatauendeleza. Kampuni peke yake haitaweza kusimama. Ushauri wangu ni kuuza. Upande wa pili nimepata sababu moja tu, nayo haimo katika ripoti yoyote: tukiuza, tutaandikiana nini?

Usiifuate hiyo. Uza.

Mpwa wako,
Hayrat


Andoany, Nosy Be
19 Novemba 2018

Mpwa wangu Hayrat,

Marahaba. Niwie radhi kwa kuchelewa, barua hii nimeianza na kuichana mara nyingi. Afya yangu njema. La bega la mama yako limenisikitisha.

Uko sahihi, tuuze. Boinali ameshauza zake. Lakini zangu siwezi, kwa sababu si zangu. Ziko kwa jina la mama yako.

Desturi yetu unaijua: binti anajengewa nyumba na nduguze, na mume ndiye anayehamia kwake. Mama yako ana kaka mmoja tu. Nilikuwa Mombasa, na kila mwaka nilimwahidi kiwanja cha Amborovy. Akaolewa katika chumba cha kupanga, na wakwe wakasema waliyoyasema. Tangu siku ile hajanisemesha, nami simlaumu. Baadaye kazi ilinifikisha Morisi nikiwa na akiba isiyotosha hata msingi. Nikanunua hisa badala ya matofali. Jina langu sikuweza kuliandika. Nyumba ni ya mwanamke. Nilikuwa na nakala ya kitambulisho chake cha usichana, na enzi hizo wakala wa hisa hakuuliza mengi.

Sasa wanataka mwanahisa mwenyewe akubali, kwa uso wake, mbele ya simu, kabla Januari haijaisha. Uso wangu haufai. Mwambie wewe. Mimi sina mdomo wa kumwambia.

Swali lako la mwisho sijalijibu.

Mjomba wako,
Elamine


Mangarivotra, Mahajanga
27 Desemba 2018

Mjomba wangu,

Kwezi. Natumaini mvua haijaingia chumbani kwako. Kwetu imeingia, tumehamisha godoro.

Nilimwambia mama. Nilichagua asubuhi, akiwa na unga mikononi, ili asiweze kuondoka. Maneno yake nayaandika yalivyo, ingawa alisema Kikomoro.

"Hisa ndiyo nini?"

"Ni sehemu ya kampuni, mama. Mjomba alikununulia."

"Nilingoja nyumba. Mvua ikinyesha nijifunike hiyo sehemu?"

Akarudi kwenye unga wake, siku hiyo na iliyofuata. Kisha akigeuza mkate akaniuliza kampuni yenyewe inafanya kazi gani. Nikamweleza kwamba inamzuia mtu asifungue akaunti kwa jina la mwenzake.

"Kwa jina la mwenzake," akasema.

"Ndiyo."

"Bila mwenyewe kujua."

"Ndiyo, mama."

"Basi mwizi wao wa kwanza ni mjomba wako."

Akacheka, Mjomba. Alicheka mpaka akakaa chini. Nimezoea nikikutaja aondoke chumbani.

Jioni alikubali. Nilimshikia simu karibu na dirisha. Programu ikamwambia ageuke kushoto, ageuke kulia, afumbe macho. Ikamkataa. Tukarudia, ikamkataa tena. Picha ya kitambulisho ni ya msichana mwenye mashavu ambaye mimi sikumjua. Mama akaitazama ile picha muda mrefu, akasema, "Wanasema mimi siye. Labda wako sawa." Akaenda kuloweka mchele.

Nimeiandikia kampuni. Wamejibu kwamba mashine ikishindwa, ndugu wa damu anaweza kuwa shahidi. Ataonekana kwa simu ya video pamoja na afisa wao, amtazame mwanahisa na aseme ni nani. Mama hana ndugu mwingine ila wewe. Nilipomwambia alichukua ufagio akatoka nje. Lakini leo, akifunga mikate kwenye gazeti, ameniuliza, "Siku gani?"

Ni tarehe 29 Januari, saa nne asubuhi. Tafadhali uwepo.

Mpwa wako,
Hayrat


Andoany, Nosy Be
14 Januari 2019

Mpwa wangu Hayrat,

Marahaba. Mimi mzima, ila usingizi umepungua. Natumaini godoro limekauka.

Nitakuwepo. Boinali ameniazima koti na ametaka nilijaribu mbele yake. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwambia mama yako. Akayasikiliza yote, akasema, "Elamine, umeitwa kutoa ushahidi, hukuitwa kuhutubia. Taja jina lake, ufunge mdomo." Nadhani kwa mara moja yuko sahihi.

Hayrat, kuna jambo linanitisha nami nakuambia wewe tu. Yule msichana wa kwenye kitambulisho ndiye ninayemjua. Itakuwaje nikimwona mama yako, nami nikashindwa kumtambua kama mashine?

Mjomba wako,
Elamine


Mangarivotra, Mahajanga
30 Januari 2019

Mjomba wangu,

Kwezi. Siulizi hali kwa kuwa jana nilikuona.

Ulikuwepo, lakini upande wetu hukuuona. Mama aliamka usiku wa manane akaoka mapema, akaoga, akajitanda nguo ya shiromani nyekundu, akaivua, akajitanda ya bluu. Alisogeza kiti ili ukuta wenye ukungu usionekane. Aliniambia nikae karibu, ila nje ya picha.

Afisa alipokuuliza kwa Kifaransa, "Huyu ni nani?" ulinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika. Mama hakudhani hivyo. Alikuwa amelishika goti langu na hakuliachia. Kisha ukasema, "Ni dada yangu. Zaharia."

Halafu afisa akamgeukia yeye: "Nawe, bibi, unamtambua shahidi?" Hilo halikuwa katika maelekezo waliyonitumia. Sikuwa nimemwandaa. Angeweza kusema lolote, Mjomba. Angeweza kusema kwamba kaka yake ni kijana aliyeondoka kwenda Mombasa. Akasema, "Ni kaka yangu."

Afisa akashukuru, akasema imekamilika, akaondoka. Nanyi mkabaki. Hakuna aliyekata.

"Umekonda," mama akasema.

"Wewe hujakonda."

"Huna adabu," akasema, akakata.

Hukuona kilichofuata. Alikaa kitandani akiitazama simu iliyozimika, akasema koti lako ni la mtu mwingine, mabega hayakukaa. Kisha akauliza kama nina namba yako. Nimempa. Natumaini sikukosea.

Mpwa wako,
Hayrat


Mangarivotra, Mahajanga
14 Septemba 2019

Mjomba wangu Elamine,

Kwezi. Sijui niulize nini kuhusu afya yako, kwa kuwa mama hunipa habari zote: umeng'oa jino, na Boinali amekupa dawa ya bure na lawama za bure. Bega la mama lina nafuu. Hilo nawe unalijua.

Kuta za nyumba ya Amborovy, kwa fedha za zile hisa, zimepita madirisha. Mama huenda kila Jumapili kuitazama na kurudi na mchanga kwenye viatu. Jioni mnapigiana simu, nami nasoma nikiwasikia mkibishana kuhusu rangi ya mlango, haraka haraka kama watoto. Anakuita majina ambayo siwezi kuyaandika. Ni furaha kubwa, na naiandika mwanzo ili usidhani nalalamika.

Mkimaliza mama huniambia, "Mjomba wako anakusalimia." Mara nyingine hunyoosha simu. Naipokea, nasema sijambo. Unaniuliza masomo vipi, nasema mazuri. Kisha namrudishia, na mnaendelea na mlango.

Barua zangu za Machi na Juni huenda zilipotea. Nimeuliza posta, wamesema hawana kumbukumbu.

Masomo si mazuri, Mjomba. Alama ni nzuri, lakini siku zenyewe si nzuri. Nakaa maktabani mapumziko yote, na kuna wiki nzima ambayo nje ya nyumba sikusema na mtu ila kujibu maswali ya walimu. Hayo siwezi kuyasema mama akiwa amesimama karibu akingoja simu yake. Kwa mdomo mimi najua kusema sijambo tu. Kwa karatasi najua mengi, na ni wewe uliyenizoesha.

Vizaz imepewa jina jipya, na ukumbi wa wanahisa mtandaoni umefungwa. Papa Mweupe aliandika mwisho kwamba atatukosa. Mama Faida hakumjibu. Basi sina ripoti ya kukusomea. Nimekaa kuandika bila jambo lolote, na tazama, ukurasa umejaa.

Mama anasema tutahamia kabla ya mvua. Nimeuliza pia hilo: mtu wa posta hafiki kwenye zile nyumba mpya za Amborovy. Kwa hiyo ukipata nafasi ya kuandika, andika tukiwa bado huku.

Mpwa wako,
Hayrat