Ubeti wa Tatu wa Mama

Mtaa wa Tena, Nairobi
9 Februari 2025

Kwa Dada Triza,

Habari za huko Malava? Watoto hawajambo? Mimi mwili mzima, ila roho imechoka. Namba yangu uliifungia tangu tumzike Mama, kwa hivyo barua hii nampa mume wako, shemeji Mulongo, akija soko la Gikomba kuchukua mitumba yake. Tafadhali usiichane.

Dada, nimeacha vinanda na makelele. Watu wamecheza nyimbo zangu miaka minane, na hakuna hata mmoja anayekumbuka neno nililoimba. Siku hizi napanda juu ya paa la ploti ninakopanga, nakaa katikati ya nguo zilizoanikwa na gita moja tu. Nimerudia wimbo wa Mama, ule wa kupukuchua mahindi. Beti mbili ninazo. Ule wa tatu aliutunga baada ya mimi kuja Nairobi, na ni wewe tu unayeujua. Niandikie, nakuomba.

Mdogo wako,
Ayuma

Malava
2 Machi 2025

Kwako Ayuma,

Sisi wazima. Ng'ombe amezaa, mvua bado.

Una macho makavu wewe! Mama aliomba kitu kimoja tu: akizikwa, akina mama wa kanisa wamwimbie wimbo wake bila chombo. Walipofungua tu midomo, ukawasha spika zako ukaanza kuimba nyimbo zako. Nilisimama kando ya kaburi nikiimba, na hata mimi sikujisikia. Kijiji kizima kikakupigia makofi, na Mama akazikwa bila wimbo wake.

Ubeti wa tatu siuandiki. Mama hakuuandika. Aliniimbia tukipalilia, nami nikaushika. Ukiutaka, njoo jikoni kwangu, ukae chini, uupokee kwa mdomo. Na ujue unakuhusu wewe.

Dadako,
Triza

Tena
23 Machi 2025

Dada Triza mpendwa,

Natumai nyote hamjambo, na ndama anaendelea vizuri.

Nilisoma nikalia mpaka jirani akabisha hodi. Haki ya Mungu, nilikosa. Niliona aibu Mama azikwe kimyakimya, kana kwamba hana mtoto mwenye jina Nairobi. Nitakuja Pasaka. Lakini unanihusu vipi? Alikuwa amenikasirikia? Niambie hata neno moja.

Mdogo wako,
Ayuma

Tena
11 Mei 2025

Dada,

Salamu nyingi kwako na watoto. Najua Pasaka ulinichinjia kuku, shemeji ameniambia. Phares, mwenye studio, alipata nafasi wiki ileile, akasema nikiikosa ananiacha. Tulirekodi gita na sauti, basi. Wimbo ulikuwa na shimo mwishoni, nikaliziba kwa maneno yangu. Juni nitakuja uniimbie wa kweli, turekodi upya. Usininunie.

Mdogo wako mkosaji,
Ayuma

Malava
2 Septemba 2025

Ayuma,

Hatujambo. Juni ilipita.

Wimbo wako niliusikia kwenye redio, nikingoja unga kinuni. Sitakudanganya, ni mzuri. Ni wewe kabisa, yule wa zamani. Mwenye kinu alizima mashine tusikie vizuri, na nililia mbele ya watu. Tangu siku hiyo unapigwa kila asubuhi. Watoto wangu wanauimba wakienda shule.

Jumamosi tulikuwa na ibada ya kumkumbuka Mama. Akina mama waliimba bila chombo, kama alivyotaka. Tulipofika ubeti wa tatu nikaanza wa Mama. Wote wakaendelea na wako. Mama Truphena akanigusa bega, kwa upole kabisa, akaniambia, "Triza, umekosea maneno."

Nilirudi nyumbani nikachukua kalamu ili niuandike, mimi niliyekuringia. Ayuma, sikuupata. Kila nikianza, maneno yako yanaingia. Jana nilishika jembe nikaenda kupalilia palepale tulipokuwa tukipalilia naye, labda ubeti utarudi. Wapi! Kosa ni lako, na ni langu pia kwa maringo yangu. Usihangaike kuja. Sina tena cha kukupa.

Nakumbuka tu kwamba ubeti ulianza na jina lako.

Triza