Rangi ya Jikoni Kwenye Midoli Yako

Nyumbani, chumba cha nyuma,
Jumapili, tarehe 9.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi. U hali gani, na kile kikohozi kimekuacha? Hapa sisi tu wazima, ila Mama ana jambo lake, nitalifikia. Shemeji yako anakusalimu. Anasema zile suruali ulizoacha ameshazizoea, usizidai.

Nianze na lile utakalonigombeza. Midoli yako ya plastiki ya vinaili, wale wanyama tisa uliosema asiwaguse mtu, wameguswa. Hakuwa mwizi wala hawakuwa wanangu. Ni Mama. Mwezi uliopita nilirudi kutoka kazini nikawakuta wamepangwa dirishani wanakauka, wote wa njano, sawa na ukuta wa jikoni. Alitumia rangi ya maji iliyobaki kwenye kopo.

"Walikuwa wamepauka, mwanangu," akaniambia. "Akirudi akawakuta vile atadhani hatukuwatunza." Alikuwa na furaha hata nikamshukuru.

Najua ulivyohangaika kuwakusanya, kwa hiyo nikaamua kuwasafisha kabla hujaja. Mkono ukatangulia akili. Nilichukua asetoni ya kutolea rangi ya kucha, nikasugua unyayo wa kiboko. Rangi ilitoka, na unyayo nao ukaanza kunata kama peremende iliyolambwa. Mpaka leo hasimami sawasawa. Kwa huyo nakuomba radhi ya kweli.

Ndipo nikaenda kwa fundi anayepuliza rangi magari, mtaa wa pili. Alinicheka kwanza, halafu akanisaidia. "Asetoni inakula plastiki hiyo, dada. Nunua spiriti duka la dawa, jaribu kwanza mahali pasipoonekana, na acha papara." Akanionya kwamba spiriti haibagui: ukizidisha, inachukua na rangi ya kiwandani.

Basi kila Jumamosi asubuhi nafungua madirisha, navaa glavu, nakaa mbali na jiko. Naloanisha pamba, naiweka juu ya rangi dakika chache, kisha nasugua kwa mswaki laini, kidogo kidogo. Rangi ya Mama inavimba na kubanduka. Ile ya asili ikianza kuchungulia, naacha hapo hapo, naosha kwa sabuni na maji ya vuguvugu. Dubu alipoteza nyusi moja kabla sijajua kipimo. Wengine sita wametoka salama.

Sasa nisikilize vizuri. Wa kwanza kutoka salama alikuwa kasuku. Chini ya ile njano alikuwa mwekundu wa kuwaka, na mabawa yake kijani kibichi kama siku uliyomleta. Nikajiuliza, huyu kapauka wapi? Nikamsafisha wa pili, wa tatu, hali ni ile ile. Hakuna aliyekuwa amepauka. Nikakumbuka Mama anavyolalamika siku hizi kwamba balbu zetu hazina mwanga, na mimi nilivyokuwa nikimtania. Niliona aibu, kisha woga ukanishika.

Jumatatu nilimpeleka kwa daktari wa macho. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na la kulia limekwenda mbali. Atapasuliwa hilo la kulia tarehe 24. Daktari ana matumaini. Mama anajifanya ngangari, lakini anaogopa, na mimi pia naogopa. Mpigie simu, na habari ya midoli usimkaripie.

Shangazi anakusalimu, na wanangu wanamsalimu mjomba wao. Mungu akulinde huko uliko, na akufikishe kwetu ukiwa mzima.

Amebaki twiga tu. Jana nilipotaka kumwanza, Mama alinishika mkono. "Huyo mwache," akasema. "Wakinifungua bandeji, nataka nione mwenyewe nilichomfanyia mwanangu." Tulicheka sana, kisha yeye akaanza kulia. Spiriti nimeirudisha kabatini.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote.