Daktari Tuliyemfichia Elia

Doornfontein, Johannesburg
Agosti 2012

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Natumaini umeacha kulipandisha kilima kila Jumapili kana kwamba kanisa litahama usipofika. Mimi mwili mzima, ila moyo umevunjika. Juzi nilisimama kwenye taa za barabarani, ambazo huku wanaziita roboti, zikageuka kijani mara tatu bila mimi kuvuka.

Nimeandika kwa herufi kubwa ili usome mwenyewe. Usimpe mtu akusomee. Ningepiga simu, lakini nakujua: nikilitaja jina la Elia utasema mtandao mbovu, ukate. Karatasi haikatiki.

Mama, Profesa amefariki. Yule bosi wangu wa maabara ya Braamfontein, Mtanzania mwenzetu, uliyekuwa ukimtumia asali na kumwombea kwa kuwa alinipa kazi ya kupima damu wakati sina mbele wala nyuma. Saratani ilimmaliza kwa miezi mitatu. Umewahi kuniuliza mbona sikusimulii habari zake. Sasa nakuambia. Yeye ndiye yule daktari msichana aliyekuja kwetu na gari la serikali, mwaka ule Elia alipokuwa na miaka mitatu.

Tulia kwanza, kisha endelea kusoma.

Unakumbuka kijiji kizima kilisema ni mumiani, anakusanya damu ya watoto akaiuze. Uliposikia gari ulimpandisha Elia darini, juu ya mahindi, ukapanda naye, ukamziba mdomo, maana vidole vilikuwa vimemvimba na alikuwa analia. Mimi, wa miaka minane, ukaniweka mlangoni. Nikasema kama ulivyonifundisha: Mama yuko shamba, na mtoto hapa ni mimi peke yangu. Daktari alisimama kidogo, akageuka, akaondoka. Elia tulimzika kabla ya mvua za vuli.

Nilimtambua wiki yangu ya pili kazini. Profesa alikuwa na desturi ya kumketisha kila mfanyakazi mpya, hata mfagiaji, na kumsimulia kosa lake. Akasema ujanani alifika mlango wa nyumba moja huko Muheza na sindano mkononi kabla hata ya kukaribishwa. Akamsikia mtoto analia darini, akakasirika kuona anadanganywa, akaenda zake nyumba ya pili. Aliporudi baada ya miezi akakuta kaburi dogo. Hapo ndipo alipoweka sheria yake: mtoto hatolewi damu kabla hujaketi na mama yake, ukanywa alichokupa, ukamweleza mpaka aulize maswali yote, na akikataa, kesho unarudi kumsalimia tu. Wasomi wenzake walimcheka, wakasema anafanya utafiti wa kunywa uji. Waache wacheke. Ni kwa uji huo akina mama walimfungulia milango, naye akawa wa kwanza kwetu kuwafuatilia watoto wa selimundu nyumba kwa nyumba tangu kuzaliwa, akaonyesha kwamba tone moja la damu ya kisigino na dawa za kawaida zinaweza kuwafikisha ukubwani. Ugonjwa tuliouita wa mifupa, Mama, ndio huo. Aliowapima wakiwa wachanga wamekuwa wakimwandikia, wengine sasa wana watoto wao.

Na mimi nikanyamaza. Miaka sita. Nikimpa asali yako anasema, mwambie mama Mungu ambariki, nami natazama chini. Niliogopa kufukuzwa, niliogopa kumuumiza, na zaidi ya yote nilikuogopa wewe.

Alipolazwa mara ya mwisho nilimweleza Papa Dieudonné, Mkongo anayelinda mlango wa maabara yetu. Hakunipa pole.

“Enda umuambie angali na masikio,” akasema. “Kesho atakuwa mutu ya kuimbiwa tu.”

Nikaenda mchana uleule. Mdogo wake Profesa alikuwa ameketi kando ya kitanda. Nikapiga magoti, nikamwambia Profesa kwamba nyumba ile ni yetu, na mtoto wa mlangoni ni mimi. Akanigeuzia uso. Kisha akauliza, “Mama yako alikuwa wapi?”

“Darini. Alikuwa amempakata.”

Akafumba macho, machozi yakamtiririkia masikioni. Miaka yote hiyo, Mama, alikuwa akiamini mtoto yule aliachwa kule juu peke yake.

“Kumbe alikuwa na mama yake,” akasema. “Aliitwa nani?”

“Elia.”

Akalirudia jina mara mbili, taratibu. Nami nikamuuliza lile ambalo wewe hujathubutu kumuuliza mtu. Sitakudanganya. Alisema hajui. Dawa alizokuwa nazo wakati ule zilikuwa chache. Huenda angepona, huenda asingepona. Halafu akanishika mkono.

“Mwambie mama nilikuja vibaya. Angekuwa mwanangu, na mimi ningemficha.”

Baada ya siku mbili akafariki.

Atazikwa kwao Korogwe Jumamosi. Mdogo wake anausindikiza mwili, na ndiye aliyeahidi kukufikishia barua hii. Mimi siwezi kuja. Kibali changu cha kuishi huku kiko ofisini kinafanywa upya, nikivuka mpaka sasa sirudi. Nimebembeleza, nimelia mbele ya karani, imeshindikana. Najua goti lako, na najua aibu uliyoibeba miaka thelathini. Hata hivyo nakuomba uende.

Nisalimie kaka Stefano, mwambie redio aliyoniagiza nimeipata na aache kuniandikia ujumbe. Nisalimie na shangazi Tabita, aliyemwosha Elia siku ile wewe uliposhindwa. Mwombe akusindikize.

Mkifika msibani usikae nyuma na majirani. Watakuuliza wewe ni nani wa marehemu. Usiseme umemsindikiza mtu, wala usiseme ulikuwa unapita. Waambie wewe ni mama yake Elia.

Mwanao,
Agnesi