Jiwe Lisilofika Chini

Jumatano, Dumila. Jua kali tangu asubuhi, vumbi la mabasi limenijaa hadi kwenye kope. Nimechoka, na sitaki kujidanganya kwamba ni jua tu.

Narisiti fizikia, na nisipofaulu safari hii chuo cha uuguzi nikisahau. Mama, mwenye meza ya machungwa hapa stendi, ameniambia huu ndio mwaka wa mwisho wa kuhangaika na mabasi peke yake ili mimi nisome. Hakusema kwa ukali. Magoti yamemchosha, nami nayaona anapoinuka.

Swali lenyewe fupi. Jiwe limerushwa juu kutoka ukingoni mwa mnara wa mita kumi, kwa kasi ya mita tano kwa sekunde. Litafika chini baada ya muda gani? Tangu jana nakokotoa, naishia kwenye kipeuo cha pili cha namba hasi. Yaani kwa hesabu zangu jiwe halifiki chini kamwe.

Nilitaka kulia.

Alasiri basi la Dodoma likaanza kuondoka, abiria mmoja dirishani bado anadai nyongeza ya machungwa aliyonunua. Nikamrushia chungwa. Likapanda, vidole vyake vikalikosa, likarudi, likaupita mkono wangu na kupasukia kwenye lami.

Likaupita mkono wangu!

Nikabaki nimesimama. Kumbe sifuri ni pale mkononi, jiwe linapoanzia. Juu nilikuwa nimepafanya chanya, graviti nikaipa hasi, lakini zile mita kumi nikaziandika chanya, kwa kuwa moyo wangu ulikataa mnara mzima uitwe hasi. Jiwe linaishia chini ya mkono. Hasi kumi.

Nikakokotoa upya kwenye kipande cha boksi. Sekunde mbili.

Nikamwonyesha Mama.

"Tangu jana, mwanangu, kwa ajili ya sekunde mbili?" Alicheka hadi akashika kiuno. Kisha akaliokota lile chungwa, akanikatia upande ambao haukugusa lami. "Haya, kula. Maswali mengine yapo?"

"Yapo mengi, Mama."

"Basi kaa usome. Gari linalokuja nitalikimbilia mimi."

Akainuka kwa kushika meza.

Kesho, kabla ya swali lolote, nitachora mshale: juu chanya, chini hasi, na sitaugeuza katikati hata jibu likinitisha. Ila basi la kwanza nitalikimbilia mimi.